"Lakini haiumi": Mbona kansa hutupata tumechelewa

Muulize mtu mtaani mbona hajaenda kuonyesha daktari kile kivimbe kilichomkaa shingoni tangu Krismasi. Atakujibu bila hata kufikiria: "Lakini hakiniumi." Ni kama maumivu ndiyo risiti ya ugonjwa, na bila risiti huwezi kuhudumiwa.

Jibu hilo nimelisikia kwa kinyozi, kwa mama wa chapo, na kwa mbogi tunayokaa nayo jioni. Limenisumbua hadi nikaamua kusoma hii kitu vizuri. Kansa, au saratani ukipenda Kiswahili cha taarifa ya saa moja. Mimi si daktari na biolojia yangu ya darasani iliishia fomu foo, kwa hivyo nitaieleza vile nimeielewa, bila ile lugha ya hospitali inayofanya mtu aitikie "ndio daktari" huku hajashika chochote.

Kwanza turudi Julai 2019, mwezi ambao nchi nzima ilishtuka. Tarehe 1 akafariki Bob Collymore, bosi wa Safaricom, kwa kansa ya damu. Tarehe 26 akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akiwa na miaka 41 tu. Yeye alikuwa amejitokeza hadharani akasema ana kansa ya utumbo mpana iliyofika hatua ya nne. Siku tatu baadaye akaenda Joyce Laboso, gavana wa Bomet. Watatu ndani ya mwezi mmoja, na wote ni watu ambao wangeweza kupanda ndege kutafuta matibabu ng'ambo. Mitandaoni watu wakataka kansa itangazwe janga la kitaifa. Wengine wakaanza kuulizana tunalishwa nini kwenye sukari na sukuma wiki.

Kwenye zile kelele kuna kitu kilipotea. Kansa ya Collymore na ya Okoth ni magonjwa mawili tofauti. Moja huanzia kwenye uboho, ndani ya mifupa, kule damu hutengenezwa. Nyingine huanzia kwenye utando wa ndani wa utumbo. Hazikui namna moja, hazitibiwi namna moja, na dawa inayopiga moja inaweza isiiguse kabisa ile nyingine. Kansa ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo huo mna magonjwa zaidi ya 100, mengine ya polepole, mengine makatili. Kwa hivyo ukikutana na msee anauza chupa moja "ya kutibu kansa zote", ushajua hiyo ni biashara.

Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO yanasema kwamba mwaka wa 2020 pekee, Wakenya zaidi ya 42,000 walipata kansa na zaidi ya 27,000 wakafa kwa sababu yake. Ya matiti inaongoza kwa wagonjwa wapya, ikifuatwa na ya mlango wa kizazi, halafu ya tezi dume. Lakini takwimu iliyonikaa kichwani ni nyingine, ile ambayo serikali yenyewe imeiandika kwenye mipango yake ya kupambana na ugonjwa huu: wagonjwa 7 hadi 8 kati ya 10 hugunduliwa wakati ugonjwa umeshakomaa.

Hapo ndipo "lakini haiumi" inapoingia. Na sababu yake iko ndani kabisa ya vile kansa inavyofanya kazi.

Mwili wako una seli zaidi ya trilioni 30. Karibu kila aina ya seli imebeba DNA, ambayo unaweza kuiona kama kitabu cha maagizo chenye herufi kama bilioni 3. Kitabu kinaiambia seli igawanyike lini, itulie lini, na ijiue lini. Ndiyo, kujiua. Seli ikichakaa au ikiharibika hupewa amri ijimalize, nayo hutii. Seli nyingi sana hufa hivyo kila siku, kimyakimya, na nyingine huchukua nafasi yao bila wewe kujua. Sasa, kila seli inapogawanyika lazima kitabu chote kinakiliwe, na yeyote aliyewahi kunakili noti za rafiki usiku wa kuamkia mtihani anajua makosa hayakosi. Mengi hurekebishwa papo hapo. Machache hubaki, na hata hayo machache kwa kawaida hayana madhara.

Shida ni kosa likiangukia kurasa fulani. Fikiria mat ya Rongai saa tano usiku. Kuna jeni ambazo ni mafuta: zinasukuma seli igawanyike. Kuna nyingine ambazo ni breki. Mguu wa dere ukikwama kwa mafuta, bado kuna breki. Breki zikikatika lakini dere hajakanyaga, mnaweza kufika mkiomba. Kansa hutokea pale mambo haya yote yameharibika kwa gari moja, na kwa kawaida huhitaji makosa kadhaa yanayorundikana kwa miaka. Ndiyo sababu umri mkubwa unaongeza hatari kuliko karibu kitu kingine chochote. Mzee amekaa barabarani muda mrefu.

Breki maarufu zaidi inaitwa p53. Kazi yake ni kukagua DNA iliyoharibika, kusimamisha seli, na ikibidi kuiamuru ife. Katika karibu nusu ya kansa za binadamu utaikuta imeharibika. Tembo, kwa taarifa yako, ana nakala 20 za jeni hiyo ilhali sisi tuna moja tu kutoka kwa kila mzazi. Wanasayansi wanaamini hiyo ni sababu mojawapo ya wale majitu wa Amboseli kutopata kansa sana licha ya mwili mkubwa hivyo.

Sasa maumivu. Jipu linauma kwa sababu mwili unapigana: wadudu wa nje wameingia, kinga ya mwili imewatambua kama wageni, damu inakimbilia pale, panavimba, panapata moto, panauma. Kansa si mgeni. Ni seli zako mwenyewe, zina kitambulisho chako, na nyingi hujifunza mbinu za kujificha mbele ya kinga. Kwa hivyo mwanzoni hakuna vita, na bila vita hakuna kelele. Maumivu huja baadaye, uvimbe ukianza kukandamiza neva, kuziba njia au kula mfupa.

Hesabu yake inatisha kidogo. Seli moja inakuwa 2, zinakuwa 4, kisha 8, kisha 16. Zikishajigawa mara 30 umepita bilioni moja. Hicho ni kivimbe cha karibu sentimita moja, ukubwa wa punje ya minji. Yaani kabla kidole chako hakijakigusa, kazi ya mara 30 imeshafanyika kimyakimya. Kutoka hapo, mara 10 tu zaidi na uko na uvimbe wa takriban kilo moja. Kwa mwili halisi mambo hayaendi kwa mpangilio safi hivyo, seli nyingi hufa njiani na kasi hupanda na kushuka, lakini picha ndiyo hiyo: unapoanza kukihisi, muda mwingi umeshaenda.

Na wakati huo baadhi ya seli zinaweza kuwa zimeng'oka, zikaingia kwenye damu au mishipa ya limfu, zikashuka stage nyingine: mapafu, ini, mfupa, ubongo. Kusambaa huko ndiko kunakoua wengi. Kansa ya titi ikihamia kwenye mfupa haiwi kansa ya mfupa. Bado ni ya titi, na daktari ataitibu kama ya titi.

Kabla hujaanza kujipapasa kwa hofu: vivimbe vingi si kansa. Matezi huvimba ukiwa na mafua, titi hubadilika na mwezi, mafuta hujikusanya chini ya ngozi bila sababu yoyote ya maana. Pia kuna kansa zinazouma mapema. Ninachosema ni kwamba kutouma si ushahidi wa chochote.

Inaletwa na nini basi? Mtaani majibu ni mengi: umelogwa, ni simu mfukoni, ni maikrowevu. Ukweli ni kwamba sehemu ni bahati mbaya ya zile nakala, sehemu ndogo ni jeni za kurithi, na sehemu kubwa ni vitu tunavyovijua kwa majina. Sigara iko juu ya orodha, na shisha ni moshi wa tumbaku pia, hata ukiwekewa ladha ya matunda. Pombe vilevile, kwa sababu mwili huibadilisha kuwa kemikali inayoharibu DNA, na hapo haijalishi kama umenunua chupa ya bei ya klabu au keg ya mtaani.

Lakini kuna chanzo ambacho wengi hawakifikirii: virusi. Na stori hiyo ilianzia hapa karibu. Miaka ya 1950, daktari mpasuaji mmoja aitwaye Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, aliona watoto wengi wakija na uvimbe mkubwa wa taya. Alichapisha maelezo yao mwaka wa 1958. Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vikapelekwa London, na mwaka wa 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani yake. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Leo tunajua ugonjwa huo, unaoitwa limfoma ya Burkitt, huonekana sana pale malaria ilipo nyingi, ukanda wa Ziwa Victoria ukiwemo, Nyanza yetu ikiwa ndani. Na ni kati ya kansa zinazoweza kupona kabisa kwa dawa, mtoto akifikishwa mapema.

Kirusi kinachotuhusu sisi vijana zaidi kinaitwa HPV. Hupitishwa kwa ngono na mgusano wa ngozi sehemu za siri, na ni cha kawaida mno. Wengi wa watu wanaofanya ngono hukipata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, bila dalili yoyote. Kondomu hupunguza hatari lakini haizibi kila kitu. Kwa hivyo hakuna haja ya kuanza kuulizana nani alimletea nani. Kwa watu wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache kinabaki, na aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo husababisha takriban asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi. Mbinu yake ni chafu: hutengeneza protini inayoishika p53 na kuimaliza. Kinakata breki, basi.

Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008 kwa kugundua uhusiano huo. Na kama unataka kujua seli zisizo na breki zinaweza kuishi muda gani, mtafute Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi mwenye watoto watano aliyefariki mwaka wa 1951 kwa kansa ya mlango wa kizazi, akiwa na miaka 31. Seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wake, bila ruhusa yake, zina HPV ya 18 na zinaendelea kugawanyika kwenye maabara kote duniani hadi leo.

Hapa kuna habari njema, na naomba uishike. Kutoka HPV kukwama mwilini hadi kansa kamili kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, kwa mfano aliye na HIV asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Hiyo ni nafasi kubwa ya kuikamata ikiwa bado si kansa, ni seli tu zimeanza kuchanganyikiwa. Na kipimo kimoja kinachotumiwa sana kwenye vituo vya afya vya umma hakihitaji mashine yoyote. Nesi anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja, anaangalia. Sehemu yenye seli mbovu hugeuka nyeupe. Mara nyingi inaweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo na ukaenda nyumbani. Siki! Kitu mama anacho jikoni, ingawa tafadhali usijaribu nyumbani. Kuna pia pap smia, na kipimo cha HPV chenyewe ambacho WHO sasa inakipendekeza zaidi. Nchini uchunguzi huu unalenga hasa wanawake wa kuanzia miaka 25, na walio na HIV wanashauriwa kuanza mapema na kurudia mara nyingi zaidi.

Chanjo nayo ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, bila malipo. Ikapigwa vita mapema. Chama cha madaktari Wakatoliki kiliipinga, na kwenye WhatsApp za wazazi zikazunguka sauti za kusema inafunga uzazi. Hakuna ushahidi wa hilo, na chanjo hizi zimetumika duniani tangu 2006. Kama una mdogo wako wa kike wa umri huo, uliza nyumbani kama amedungwa. Hilo swali halihitaji digrii. Wanawake zaidi ya 3,000 hufa nchini kila mwaka kwa kansa hii moja, ambayo ni kati ya zile chache tunazojua kuzizuia kabisa.

Kuna nyingine inayopenda watu wetu: ya umio, lile bomba la chakula, ambayo wengi huiita kansa ya koo. Kwa nchi nyingi huu ni ugonjwa wa wazee. Lakini mwaka wa 2010 watafiti walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa 109 waliotibiwa Tenwek, Bomet, na wote walikuwa na miaka 30 au chini. Sababu kamili za ukanda huo kuathirika hivyo bado zinatafutwa. Tumbaku na pombe zinajulikana, na mwaka wa 2016 shirika lile la WHO lilisema vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, huenda vinachangia. Chai yenyewe haina makosa. Iache ipoe kidogo. Dalili yake ya kwanza ni chakula kuanza kukwama, kwanza ugali, halafu vitu laini, na wengi wanachofanya ni kuteremshia na maji. Miezi inapita hivyo.

Kuna dada anauza mitumba karibu na stage yetu ambaye alinikubalia nisimulie yake bila jina. Alihisi kivimbe kwenye titi akiwa na miaka 29, akiwa bado ananyonyesha. Zahanati aliyokwenda ilimwambia ni maziwa yameganda, ikampa antibiotiki. Akarudi mara ya pili, antibiotiki nyingine. Mara ya tatu akaambiwa yeye ni mdogo sana kuwa na kansa. Na kwa sababu hakikuwa kinamuuma, aliwaamini, akaendelea kubeba bale zake Gikomba. Ilipita karibu mwaka kabla daktari mwingine hajamwambia maneno ambayo angepaswa kuambiwa siku ya kwanza: tutoe kipande tuone.

Hayo ndiyo maneno yenyewe. Kipimo hicho kinaitwa biopsi, na karibu kila kansa ya uvimbe huthibitishwa nacho. Picha ya ultrasaundi, mamogramu au skani ya CT inaweza kuonyesha kwamba kuna kitu na kiko wapi. Damu inaweza kutoa fununu. Lakini kusema kwa hakika hii ni kansa, na ni ya aina gani, lazima mwanapatholojia aangalie seli kwenye darubini. Kuna imani mtaani kwamba ukidunga kansa sindano au ukiipasua "inapata hewa" na kusambaa. Imani hiyo imetokana na kitu halisi, kwamba watu wetu hupasuliwa wamechelewa na kufa muda mfupi baadaye, kwa hivyo kisu kikalaumiwa. Aliyechelewesha hakulaumiwa.

Kipande kikishasomwa, hufuata swali la hatua. Kwa kifupi: hatua ya kwanza, uvimbe ni mdogo na uko pale ulipoanzia. Ya pili na ya tatu, umekua au umeingia kwenye matezi ya karibu. Ya nne, umefika mbali. Kansa ileile ya titi, ikikamatwa hatua ya kwanza, wengi hupona. Ikifika ya nne, madaktari huongea juu ya kuongeza muda na kupunguza maumivu. Dada yetu alipatikana katika hatua ya tatu.

Matibabu yana njia kuu chache na mara nyingi huchanganywa. Upasuaji huondoa uvimbe ukiwa bado mahali pamoja. Mionzi, ile watu husema "kuchomwa", huvuruga DNA ya seli hadi zishindwe kugawanyika, lakini hulenga sehemu moja tu ya mwili. Kemo ni dawa inayozunguka mwili mzima ikipiga kila seli inayogawanyika haraka. Ndiyo sababu nywele hung'oka, mdomo hutoka vidonda, na damu hupungua: mizizi ya nywele, utando wa mdomo na tumbo, na uboho ni sehemu ambazo seli zake pia hugawanyika kwa kasi. Nywele kung'oka si ishara kwamba mtu anakufa, na wengi zao huota tena. Kuna dawa mpya zaidi zinazolenga hitilafu fulani ya seli au kuzuia homoni zinazoilisha, na nyingine zinazoivua kansa ule ujanja wake wa kujificha ili kinga ya mwili iione. Hizi za mwisho ni nzuri kwa kansa fulani, na bei yake ni noma.

Miti shamba? Hapa sina dharau. Kuna ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano, asili yake Madagaska, ambalo watu hupanda mbele ya nyumba kwa urembo. Kutoka kwenye mmea huo ndiko hutolewa vinkristini, dawa ya kemo inayotumika kwa watoto wenye kansa ya damu. Kwa hivyo mmea unaweza kutibu, ndiyo. Lakini dawa yenyewe hutolewa kwa kupimwa kwa miligramu kwa sababu ikizidi kidogo huua, na kuchemsha majani kwenye sufuria hakukupi kipimo hicho. Kinachoumiza zaidi ni muda. Mtu anapewa miezi sita ya kunywa mizizi, na miezi sita ndiyo aliyokuwa nayo kati ya hatua ya pili na ya tatu. Maombi nayo hayajamzuia mtu yeyote kupanda mat ya kwenda kliniki.

Doo ndiyo mjadala mwingine wote. Kwa miaka mingi KNH ndiyo ilikuwa hospitali ya pekee ya umma yenye mashine ya mionzi, na foleni yake ilikuwa ya miezi. Sasa huduma hiyo iko pia hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi kule Eldoret, Nakuru na Mombasa, ingawa bado kuna wanaolala kwa jamaa mjini wiki nzima kwa sababu hawawezi kwenda na kurudi kila siku. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kifurushi cha kansa kilikuwa hadi Sh550,000 kwa familia kwa mwaka. Zinasikika nyingi hadi uanze kuhesabu skani, upasuaji, kemo na mionzi. Viwango hubadilika, kwa hivyo uliza kabla ya kuanza, na hakikisha umelipa michango yako kabla ya kuugua. Dada wa mitumba alimaliza zake kabla ya mwaka kuisha. Kilichobaki kililipwa na chama chao na hareembee mbili za WhatsApp. Anaendelea na matibabu, na siku akiwa na nguvu bado utamkuta amepanga viatu.

Kwa hivyo uangalie nini? Kivimbe popote ambacho hakijaondoka baada ya wiki tatu hivi, hasa kigumu kisichouma. Titi kubadilika umbo, ngozi yake kubonyea au chuchu kuingia ndani, na wanaume pia wana matiti, kwa hivyo msijitoe. Damu ukeni baada ya ngono au kati ya hedhi. Damu kwenye choo, ambayo watu wengi huamua ni bawasiri bila kuuliza mtu. Chakula kukwama. Kidonda cha mdomo kisichopona. Kukonda bila kujaribu, na jasho la usiku linalolowesha shuka. Na maboyz, mkioga, pimeni makende kwa vidole. Kansa ya korodani si ya kawaida sana kwetu Waafrika, lakini inapotokea huwapata hasa vijana wa miaka 15 hadi 35, huanza kama kipande kigumu kisichouma, na ikikamatwa mapema hupona kwa zaidi ya asilimia 90.

Ukifika kwa daktari na akuambie si kitu, muulize kwa upole: "Kama si kansa, ni nini, na tumejuaje?" Akikupa dawa, muulize urudi lini isipopungua, na urudi siku hiyo. Ukitolewa kipande, omba ripoti kwa maandishi, ipige picha na simu, uitume kwa mtu unayemwamini. Faili hupotea hospitalini kila siku, na bila hiyo karatasi huko mbele utaambiwa uanze upya.